Mafuta ya Kondoo Katika Sikio la Bibi Yustina

Kabla hujasoma zaidi, toa huo ufunguo wa pikipiki sikioni. Ndiyo, wewe uliyekaa juu ya bodaboda pale njia panda ya Rhotia ukisubiri abiria, jicho moja umelifumba kwa raha kama paka anayekunwa shingo. Nimekuona. Na wenzako nimewaona miaka na miaka, wengine kwa karibu kuliko walivyopenda, wameinamisha kichwa mbele yangu wameshika kitambaa chenye damu, wakisema, "Sijui, mzee, imetokea tu."

Haijatokea tu. Ufunguo haupandi sikioni wenyewe.

Mimi ni mhudumu wa zahanati mstaafu. Sikuwa daktari, ingawa huku wananiita Daktari Masikio, nami sikatai, maana cheo cha bure hakirudishwi. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo marehemu baba aliyakunja mara nne akayahifadhi ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Maombolezo. Nikaajiriwa kufagia zahanati, kuchemsha vyombo na kuita majina ya wagonjwa. Baadaye nikapandishwa kutoka kufagia sakafu hadi kufagia masikio. Hapo ndipo cheo changu kilipoishia.

Habari za safari msiniulize. Magari ya watalii yanapita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi kupandisha Ngorongoro. Watu wamevuka bahari kuja kuiona kreta, mimi niliyezaliwa jirani yake nimeshuka mara moja tu, nikiwa mwanafunzi, na ninachokumbuka ni kwamba njia nzima nilikuwa nawaza kama nyumbani watanibakizia makande. Mke wangu, Mama Debora, husema siku nikifa watapata tabu kunitoa jikoni. Basi nilipostaafu kazi ikanifuata huko huko jikoni, na ndiyo maana vijana wa afya wa kijiji wameniomba niandike ninachokijua kabla sijakisahau. Naandika karibu na moto. Mkiona doa la chai, rukeni mstari.

Aliyenifundisha ni Nesi Filomena, mkuu wa zahanati yetu enzi hizo, mama mfupi mwenye sauti ya kumwamsha mgonjwa na kumlaza mlevi. Siku moja alinikuta najisafisha sikio kwa kifuniko cha kalamu. Hakunigombeza. Alinipa ufagio.

"Fagia chumba hiki," akasema. "Ila anzia mlangoni uende ndani."

"Nesi, uchafu utakwenda ukutani."

"Nimesema fagia."

Nikafagia. Vumbi lote likajikusanya kwenye kona ya mwisho, chini ya kitanda, mahali ambapo hata ufagio haukufika vizuri.

"Umesafisha?"

"Hapana, Nesi."

"Haya. Sasa rudisha kile kifuniko sikioni, uendelee."

Sijakirudisha hadi leo. Nawahamishia somo hilo ninyi wa vijiti vya pamba, maana najua mnadhani vijiti ni vya kisasa na ufunguo ni wa kishamba. Vyote ni ufagio ule ule unaofagia kwenda ndani. Nta ya sikio si uchafu wa kuonea aibu. Inanasa vumbi, na sisi watu wa Karatu wakati wa kiangazi vumbi tunalo la kuuza nje. Inazuia maji na wadudu. Kisha inatoka yenyewe, polepole, kwa sababu ngozi ya ndani ya sikio hutembea kuja nje, na kila unapotafuna, taya linaisukuma kidogo. Wewe kazi yako ni kufuta kile kilichokwisha kufika mlangoni, kwa kitambaa chenye unyevu kilichozungushiwa kidole, wakati wa kuoga. Kidole kikigoma kuingia, ujue hapo ndipo mpaka wako ulipo.

Lakini wengine nta yao huganda ikaziba. Wazee hasa. Na wale wanaoshinda na hedifoni wakidhani hatuwaoni.

Sasa niwasimulie aibu yangu, maana mwalimu asiye na aibu yake hukopa za wenzake.

Nilikuwa nimeshika bomba kwa mwaka mmoja hivi, lile bomba la chuma la kusukumia maji sikioni, zito kama la kunyunyizia dawa ng'ombe. Nilijiona fundi. Nilikuwa nimeshamwangusha katekista mmoja kwa sababu mwezi wa saba nilitumia maji ya ndoo bila kuyapasha. Maji baridi yakiingia sikioni dunia inazunguka, na katekista alizunguka nayo hadi akakaa juu ya mizani ya watoto. Maji yanatakiwa joto la mwili, yasiunguze wala yasigandishe. Hilo nikalijua. Nikadhani yamekwisha.

Akaja kibarua wa shamba la kahawa, Shabani, mtu wa Singida, mcheshi. Siku za mapumziko alikuwa akipata kibarua kingine cha kupiga maharage. Akasema sikio la kulia limeziba tangu juzi. Nesi Filomena alikuwa mkutanoni Karatu mjini. Kikurunzi cha kutazamia masikio kilikuwa hakina betri. Nikajisemea, sikio lililoziba ni nta, nini kingine? Nikampa maji ya chumvi ya vuguvugu aende akadondoshe siku tatu ilainike.

Siku ya tatu alirudi akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nesi alikuwepo. Alitazama, akaniita.

"Njoo uone nta yako."

Ilikuwa haragwe. Liliruka pale alipokuwa anapiga, likaingia, naye hakujua. Mimi nimelinywesha maji siku tatu, likavimba, likapasuka ganda, likawa linajiandaa kuota. Alipelekwa hospitali akalazwa usingizi ndipo likatolewa. Aliporudi alinitania mbele ya foleni nzima: "Daktari, ungeniambia unapanda, ningekuja na mbolea!" Watu wakacheka, nami nikacheka kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Lakini sikio lile halikurudi kama zamani. Mpaka anarudi kwao Singida, kila nilipomsalimia alinigeuzia upande wa pili wa kichwa, haraka, bila yeye mwenyewe kufikiri. Kichwa kile kikigeuka, ndicho kilichonifundisha kuuliza.

Kwa hiyo ulizeni kabla ya kugusa. Kuna kitu kimeingia? Mbegu na nafaka hazitaki maji. Mdudu anayetapatapa hutulizwa kwa mafuta, mradi ngoma ya sikio ni nzima, kisha mgonjwa apelekwe atolewe mdudu. Betri ndogo ya saa ni hospitali saa hiyo hiyo, usidondoshe chochote. Panauma? Panatoa usaha, au pamewahi kutoa, au aliwahi kuambiwa ngoma ina tundu, au aliwahi kupasuliwa sikio? Basi usitie kitu, mpeleke. Usikivu umepotea ghafla, jana anasikia leo hasikii? Usikae unamdondoshea mafuta siku tano, kimbilia hospitali leo, huenda si nta kabisa. Ana kisukari? Watazame wenye ujuzi kwanza. Na mtoto mdogo si wa kufanyiwa majaribio. Sikuwapangia vizuri, najua. Niliulizwa haya na Nesi kila asubuhi kwa mwezi mzima, naye hakuwa akiyapanga.

Nimeyaandika hayo ili nifike kwa Bibi Yustina. Hapo nilikuwa nimeshastaafu, bomba nimelirudisha, kofia ya kazi imekuwa kitambaa cha kushikia sufuria.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa saba, baridi ile ambayo hata jogoo anawika akiwa ndani. Gari dogo la mizigo likasimama nje. Akashuka Daniel, fundi magari anayeishi Babati. Akamshusha mama yake, Bibi Yustina wa Buger, mwembamba, amejifunika shuka mbili. Nyuma akashuka Magdalena, mke wa mdogo wake Daniel. Mume wa Magdalena alifariki, naye akabaki Buger na mama mkwe wake, wanalima pamoja mahindi na maharage.

"Shikamoo, mzee," Daniel akasema.

"Marahaba. Pita, moto uko huku. Shikamoo, Mama."

Bibi hakuitika. Alikaa, akatabasamu, akatutazama midomo.

"Umeona?" Daniel akasema. "Ndivyo alivyo siku hizi. Akili imechoka. Sufuria inaungua yuko kando yake. Juzi tumekwenda msibani, watu wanalia, yeye anamwuliza mfiwa kwa sauti, mavuno yalikuwaje? Mzee, nilitamani ardhi inimeze."

"Na unataka nini kwangu?"

"Jumapili tunakaa kikao cha ukoo. Nampeleka Babati, chumba kipo. Shamba tutalikodisha. Magdalena atarudi kwao. Sasa wazee wanasita, wanasema mama hataki kuondoka. Niandikie kikaratasi kidogo tu, wewe wanakuamini, kwamba hana tena uwezo wa kujiamulia."

"Mwanangu, mimi mstaafu. Kikaratasi changu hata sambusa hakifungi."

Wakati huo Mama Debora akaangusha mfuniko wa sufuria nyuma ya Bibi. Paka aliruka. Daniel akashtuka. Bibi Yustina hakupepesa jicho, aliendelea kuota moto kwa utulivu wote.

Nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mtu mzima unamvuta sikio juu na nyuma kidogo, taratibu, njia inanyooka. Ndani niliona kitu cheupe chenye unjano, kimelainika juu kama mshumaa uliomwagika. Nikanusa. Nisiwadanganye, nilisikia njaa.

"Nani anamtia mafuta ya kondoo?"

Magdalena akasema, akitazama vidole vyake, "Ni mimi, baba. Mwaka jana alilalamika sikio linawasha, limeziba kidogo. Kwetu ndiyo dawa. Nikawa nayayeyusha kwenye kijiko namtilia kila jioni, masikio yote mawili. Mwanzoni alikataa, alisema yanamchoma. Nilimshika kichwa kwa nguvu. Nikamwambia vumilia, Mama, usiwe kama mtoto."

Sasa jamani, nani kati yetu hajala nyama ya kondoo wakati wa baridi? Unacheka kidogo tu, mafuta yameshaganda kwenye midomo na juu ya ulimi, unatafuta chai ya moto. Mafuta hayo hugandia mwilini mwa mtu hai! Yakiwa majimaji yana moto wa kuunguza, yakipoa kufikia joto la mwili ni mshumaa. Kinywani tunalijua hilo sote. Ila yakifika sikioni tunayaita dawa, na jioni yanaongezwa juu ya yale ya jana, na nta iliyotaka kutoka inafungiwa mlango.

Daniel alisimama. "Kumbe ni wewe uliyemziba mama yangu!"

Bibi akatazama mdomo wa mwanawe, kisha uso wa mkwewe, akaacha kutabasamu.

"Basi mzibue," Daniel akanigeukia. "Piga bomba sasa hivi."

"Bomba sina, na ningekuwa nalo nisingepiga. Mafuta yaliyoganda ukiyapiga maji unayapigilia ndani."

Tulimpeleka zahanati kwanza, kwa kuwa macho yangu na mwanga wa dirisha si kipimo. Nesi wa sasa, binti mwenye haraka na mkono mwepesi, akatazama kwa kikurunzi: hakuna usaha, hakuna kidonda kinachoonekana, Bibi hajawahi kuugua masikio, ila pande zote mbili zimezibwa hata ngoma haionekani. Akasema tulainishe kwa mafuta ya kula yaliyo safi, kisha arudi, na akisikia maumivu au kizunguzungu tuache mara moja. Siku hizi ndivyo wanavyofanya, mafuta mbele, maji baadaye kama yatahitajika. Sisi enzi zetu tulianza na bomba kama zimamoto.

"Siku ngapi?" Daniel akauliza.

"Tano. Huenda zaidi."

"Kikao hakisogei. Jumapili kama hasikii, anaondoka."

Akatuacha, na gari lake likatoa moshi mwingi mno kwa gari la fundi.

Magdalena aligoma. "Mimi siligusi tena sikio lile, baba."

"Basi nani ataligusa? Mimi sitoki nyumbani, uliza mtu yeyote."

Nikamfundisha jikoni kwangu. Mafuta ya alizeti, safi, ambayo hayajakaangia kitu. Kichupa chenye kidondoshi kutoka duka la dawa. Usikiweke motoni, hata karibu na moto. Kitie kwapani, ukae nacho ukimenya viazi, mpaka kipate joto lako. Mlaze kwa ubavu, sikio bovu juu. Vuta sikio juu na nyuma, dondosha matone mawili, matatu, basi. Akae hivyo dakika kumi. Kisha akiinuka mfute yanayotoka nje tu. Asubuhi, mchana, jioni. Usichokonoe hata ukiona kitu kinakuchekea.

"Kwapani kweli?" Magdalena akauliza.

"Kweli kabisa."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. Bibi alipomwona anacheka akacheka naye, bila kujua tunacheka nini.

Niliahidi kwenda Buger Ijumaa kuwatazama. Mama Debora aliposikia aliweka mwiko chini. "Wewe? Buger? Ulale huko?" Akanifungashia blanketi, chupa ya chai, viazi, na soksi jozi tatu, kama mtu anayekwenda kusoma Urusi. Sikumwambia kwamba mfukoni nimeficha kibano. Ninyi nawaambia. Kile kibano cha chuma chembamba cha zamani, ambacho nimewakemea watu wasikitie sikioni nusu ya maisha yangu.

Nilipofika, sikio la kulia lilikuwa limebadilika. Kile cheupe kimekuwa rangi ya sukari guru, kimelegea, na ncha yake imesogea, naiona kwa macho bila taa. Kushoto bado kama saruji. Daniel akapiga simu.

"Vipi?"

"Kimesogea."

"Kimesogea mpaka wapi?"

"Naona ncha yake."

"Kama unaiona si uitoe, mzee! Siku mbili zimebaki!"

Nikakata simu. Bibi amelala ubavu, amefumba macho, ameniachia kichwa chake chote. Magdalena ananitazama na kichupa kikiwa bado kwapani. Mkono wangu ukaingia mfukoni. Nawaambieni, vidole vya mtu aliyefanya kazi moja miaka mingi vina akili zao. Nikishika ncha ile na kuvuta, huenda inakuja yote, na Bibi anabaki kwake. Au inakatika, au mkono unatetemeka, au kimegandamana na ngozi, navuta na ngozi. Nikamwona Shabani akigeuza kichwa.

"Baba?" Magdalena akasema.

"Mfunike. Tunangoja."

Usiku ule nililala kwa watu, na ilikuwa vibaya kama nilivyotegemea.

Jumamosi asubuhi, hakuna kitu. Magdalena akadondosha, akafuta, akadondosha. Alikuwa ameacha kunisemesha. Mchana akapakua makande, mahindi magumu ya mwaka huu, nikamwambia ampe Bibi bakuli lililojaa na asimsagie. Tukala watatu. Bibi ana meno machache lakini anayatumia kama mtu anayeyapenda. Alitafuna muda mrefu. Ghafla akasimamisha taya, akaweka mkono begani. Kipande kimeanguka juu ya shuka, kama punje ya muhindi iliyopikwa sana.

Akageuka nyuma kwa hasira. "Nani anatembea kwenye majani makavu humu ndani?"

Hapakuwa na mtu. Ilikuwa shuka yake mwenyewe ikisugua sikio. Akaigusa tena. Akasikiliza. Akatafuna tena makande, akayasikia, akasita. Magdalena akapiga kelele, na Bibi akaziba sikio kwa kiganja. "Polepole, mwanangu! Mimi si kiziwi."

Nilitaka nimpigie Daniel pale pale. Bibi akanikataza.

"Usimwambie. Mwaka mzima wamenisema mbele yangu. Kesho nataka kusikia wanasema nini."

Jumapili baada ya ibada wakaja: Daniel, na wazee wawili wa ukoo. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, sikio la kulia kwa Daniel, uso mtulivu. Daniel aliongea kwa Kiiraqw, nami nawaandikia kama ninavyokumbuka.

"Wazee wangu, mama sasa ni mtoto. Tunamtia aibu kumwacha hivi." Akaeleza ya sufuria, akaeleza ya msibani. Nilimtazama Bibi. Kwenye ya msibani aliinamisha kichwa, ndipo nikajua ni sasa tu amefahamu alichomwuliza mfiwa yule. Daniel akaendelea, sauti ikashuka. "Simu ya Buger ikiita nikiwa chini ya gari, sipokei mara moja. Nakaa kwanza. Nasema leo ndiyo wananiambia ameungua. Mwaka mzima naishi hivyo." Akafuta uso. "Na huyu Magdalena ndiye aliyemwagia mama mafuta ya moto mpaka akamziba, na mama alikuwa hataki. Kakiri mwenyewe mbele ya Daktari. Si damu yetu. Arudi kwao wiki hii hii."

Mzee mmoja akamgeukia Magdalena. "Ni kweli, binti?"

Magdalena akafungua mdomo.

"Daniel," Bibi akasema, "ukitaka kunisema vizuri, kaa hapo hapo. Upande wa pili bado nimeziba."

Daniel alikuwa amesimama, akakaa, na kiti hakikuwa pale alipodhani. Hakuna aliyecheka.

"Mama, unasikia?"

"Tangu jana. Nimekusikia yote. Ya simu pia nimeyasikia. Utanipigia kila jioni, nami nitapokea mwenyewe, ili usikae tena chini ya gari na hofu. Sufuria, nitakaa na Magdalena jikoni mpaka masikio yangu yote mawili yafunguke. Kwa mfiwa nitakwenda mwenyewe kuomba radhi. Babati nitakuja kutembea, nikitaka."

"Na mafuta, Mama?" Daniel akauliza. "Si alikulazimisha?"

Bibi akamtazama mkwewe.

"Mafuta niliyataka mimi. Yeye alisema tuache, mimi nikamwambia ongeza. Kila jioni nilimwambia ongeza. Mzee mkaidi hana mwalimu."

Mzee wa ukoo akanigeukia. "Daktari, ndivyo ilivyokuwa?"

Wote wakanitazama. Magdalena hakunitazama.

"Mimi ni mtu wa masikio tu, mzee wangu," nikasema. "Bibi ndiye aliyekuwepo."

Wazee wakakubaliana kwamba mwenye nyumba amesema. Daniel alikaa sana na mama yake, upande wa kulia, wakiongea chini chini, na alipoaga alimpa Magdalena mkono. Haukuwa mkono wa furaha, lakini ulikuwa mkono.

Walipoondoka, Bibi akaniita nje, kwenye jua.

"Ulisikia nilivyosema pale ndani?"

"Kuhusu mafuta?"

"Kuhusu mafuta."

"Sikusikia vizuri, Mama. Kulikuwa na upepo."

Akatazama mahindi yaliyosimama wima bila kutikisika jani, akacheka mpaka akaziba sikio lake mwenyewe. Kisha akalala ubavu kwenye mkeka, sikio la kushoto juu, na Magdalena akatoa kichupa kwapani.